Sakafu ya Seti Ishirini na Mbili

Barua ya kumi na nne ya Shirika la treni kuhusu viti ilimkuta Mhandisi Perpetua Ndahani amelala chali chini ya behewa, grisi imemtiririka mpaka kwenye kiwiko, na bolti ya mwisho ya mota imekataa kabisa kulegea. Utepe wake wa nauli ulitetemeka mkononi. Siku hizi kila kitu kilipitia kwenye utepe: nauli, salamu, kero.

Aliufuta utepe kwenye shavu, akasoma.

"Viti vibadilishwe rangi," alisema kwa sauti, "kutoka zambarau kwenda kijani cha mkonge."

"Si juzi tu walitoka kijani cha mkonge kwenda zambarau?" Sauti ilitoka juu yake, ndani ya behewa. Alikuwa Mzee Malogo, fundi wa viti, mtu mwenye nyonga mbovu na mikono isiyokosea mshono. "Mie ile ngozi ya kijani sikuitupa. Nimeifungia kabatini. Nilijua watarudi tu."

Perpetua hakucheka. Alikuwa amefika kwenye aya ya pili.

"Juu ya kila kiti cha staha iwekwe skrini itakayoonyesha sababu ya abiria kupewa kiti, mfano MJAMZITO, MGONJWA, MZEE, ili abiria wengine wathamini huduma."

Aliinuka ghafla, akajigonga kichwa kwenye ekseli.

Treni za Mzingo zilikuwa seti thelathini na sita. Kwa miaka tisa zilikuwa zikilizunguka jiji la Dodoma, kutoka Chamwino mpaka Nala na kurudi, zikibeba watu asubuhi na kuwarudisha jioni, mpaka vizingiti vya milango vikala kutu, mipira ya madirisha ikakauka kama maganda ya karanga, na mota zikaanza kulia mlimani kama mbuzi aliyefungwa juani. Sasa zilikuwa zinaletwa karakana ya Ihumwa moja moja, zinavuliwa mpaka mifupa, kisha zinavikwa upya. Seti ishirini na mbili ilikuwa ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyochakaa kuliko zote. Chochote ambacho Perpetua angekiweka humo, seti nyingine thelathini na tano zingefuata.

Na uzinduzi ulikuwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Mhandisi!" Mlinzi wa getini aliita kutoka mlangoni. "Yule mwalimu amekuja tena. Nimemwambia huna nafasi. Kasema atasimama."

"Amesimama tangu lini?"

"Tangu saa mbili."

Perpetua aliangalia saa. Ilikuwa saa saba na nusu. Alichukua kitambaa, akaanza kujifuta mikono, huku akinong'ona maneno ambayo Mzee Malogo alijifanya hakuyasikia.

*

Alikwenda getini kwa nia ya kumfukuza. Alikuta mwanamke wa miaka kama thelathini, amevaa kitenge na viatu vya kutembelea, ameshika mkoba kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Shikamoo, dada. Naitwa Sauda Salanga. Nafundisha shule ya msingi kule Nala."

"Marahaba, mwalimu. Malalamiko yote yanapelekwa ofisi ya huduma, mjini."

"Nimekwenda mara nne. Walinipa fomu ya mzigo uliopotea." Sauda hakupandisha sauti. "Mimi sikuja kulalamika. Nina swali moja. Napandia Mtumba, treni ya saa kumi na mbili na nusu, behewa la tatu, mlango wa pili. Seti ishirini na mbili. Niliona ikiletwa huku, nikasema basi labda atakayeifungua atanijibu."

Perpetua alitaka kusema hana muda. Badala yake alimwambia apite.

Behewa la tatu lilikuwa tupu, limebaki bati na nyaya. Zulia la sakafu lilikuwa limekunjwa kando, na chini yake wavu mwembamba wa waya uling'aa kuanzia mlango hadi mlango. Sauda aliinama kuutazama.

"Ndiyo huu unaotusoma?"

"Ndiyo huo. Sakafu inasoma hatua zako: unachechemea, umechoka, umebeba uzito upande gani. Vyuma vya kushikia vinasoma mapigo ya moyo kwenye kiganja. Vyote vinaungana, unapewa namba kati ya sifuri na mia. Viti vinane vya staha hukaa vimekunjwa na kufungwa. Wenye namba kubwa ndio vinawafungukia, taa ya njano inawaka." Alikuwa ameyasema maneno hayo mbele ya wageni mara nyingi kiasi kwamba yalitoka yenyewe. "Kabla ya hapo watu walikuwa wanapigania viti. Wazee walikuwa wanasimama saa nzima."

"Nakumbuka. Mama yangu alikuwa mmoja wao." Sauda alikaa juu ya kasha la vifaa. "Mimi kilinifungukia nikiwa na wiki saba. Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata mume wangu. Tulikuwa tumepoteza mara moja kabla, nikasema safari hii ningoje. Basi taa ikawaka, na walimu wenzangu watatu wako hapo wamesimama. Wakapiga vigelegele ndani ya treni. Jioni mume wangu alipongezwa dukani na mtu hata simjui."

Kwenye behewa la jirani, mashine ya Mzee Malogo ya kushonea ilikuwa imenyamaza.

"Nikazoea," Sauda aliendelea. "Kila asubuhi naingia, kiti kinafunguka, nakaa. Nilianza kukipenda, nisikudanganye. Halafu Ijumaa moja kikachelewa. Nikasimama mbele yake, kikafikiria, kikafunguka. Jumatatu hakikufunguka kabisa. Mwalimu mwenzangu akanitania, 'Leo umekataliwa, umekula nini?' Tukacheka. Nikadhani kimeharibika. Nilisimama Jumatatu, nikasimama Jumanne. Jumatano nikaenda kliniki yangu ya kawaida, daktari akaniambia mtoto amefariki, si leo wala si jana. Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema hilo hawezi kulijua."

Alifungua mkoba, akatoa karatasi yenye namba ya utepe wake, imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa na safi.

"Nataka kujua kama kiti kilijua."

Perpetua alisikia jibu la kiofisi likitoka mdomoni mwake. "Kumbukumbu za safari ni mali ya Shirika, mwalimu. Hazitolewi. Na treni ikiletwa matengenezo zinafutwa. Hizi zinafutwa leo saa kumi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Karibu saa nane."

"Basi bado zipo."

Kisanduku cha kumbukumbu cha behewa la tatu kilikuwa pale pale, juu ya benchi, kimefungwa utepe mwekundu wa kusubiri kufutwa. Perpetua alikitazama, akamtazama mwanamke, akahisi hasira ikimpanda, wala hakujua ni ya nani. Ya ofisi ya mjini na fomu yake ya mzigo. Ya kijani cha mkonge. Alikata ule utepe mwekundu kwa koleo, akachomeka waya, akaandika namba.

Mstari ulijichora kwenye skrini. Ulipanda taratibu kwa wiki nyingi, sabini, sabini na moja, sabini na mbili. Kisha Ijumaa moja ya mwezi wa tatu ukashuka mpaka hamsini na tano. Jumatatu, thelathini na nane.

Angeweza kusema uongo. Ulikuwa umemjia mdomoni tayari, uongo mzuri, wa kiufundi: maji ya deki yaliingia sakafuni wiki ile, viti vyote vilikataa. Mwanamke angerudi nyumbani akiwa mwepesi kidogo. Nani angemkosoa?

"Kilijua," alisema. "Au tuseme, kiliona mwili wako umebadilika. Ijumaa. Hakikujua ni nini, kinajua namba tu. Kama kufika hospitali siku hiyo kungesaidia au la, mimi si daktari, siwezi kukudanganya."

Sauda aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka bila kelele, akayaacha yadondoke.

"Kwa hiyo behewa zima lilipewa habari za tumbo langu," alisema hatimaye. "Kilipofunguka waliona. Kilipofunga waliona. Mimi mwenye tumbo ndiye sikuambiwa."

"Hakikutengenezwa kumwambia mtu. Kilitengenezwa kugawa viti."

"Nani alikitengeneza hivyo?"

Perpetua alichomoa waya. "Mimi. Nilikuwa nina miaka ishirini na sita, ndiyo kazi yangu ya kwanza. Niliandika kwamba namba ikishuka, kiti kifunge, apewe mwingine. Nilijiona nimetenda haki."

Alingoja matusi. Angeyapokea. Lakini Sauda alijifuta uso kwa upindo wa kitenge, akasimama, akaupitisha mguu wake juu ya ule wavu wa waya kwa uangalifu, asiukanyage.

"Ningetaka kiniambie," alisema. "Kingeniambia hata kwa ukali. Lakini mimi, dada. Mimi peke yangu."

*

Kuing'oa sakafu yote lilikuwa jambo la siku moja. Perpetua alilifikiria jioni ile na kulikataa kesho yake asubuhi, kisha akalifikiria tena. Sakafu isiyojua kitu isingemwaibisha mtu. Lakini ingemwacha mwalimu mwingine apitishe siku tano bila kujua.

Siku mbili aliandika, akafuta, akaandika. Ijumaa mchana alikuwa na kanuni mpya, fupi kuliko ya zamani. Sakafu haitamsoma mtu ambaye hajakubali. Itakachokiona itamwambia mwenyewe, kwenye utepe wake, basi. Akishuka, itamsahau. Viti havitafungwa tena, vitakuwa viti. Taa za njano alizing'oa kwa mkono wake, moja moja, akazitupa kwenye ndoo.

Mzee Malogo alimtazama akizitupa.

"Kwa hiyo mie nitakaaje?"

"Watu watakupisha, mzee."

"Watu gani?" Aliweka sindano chini. "Mwanangu, kabla ya viti hivi nimesimama miaka kumi na minne kwenye daladala. Watu wanalala wakikuona. Mtu mzima na akili zake anafumba macho! Miaka tisa sasa sijamwomba mtu anipishe. Naingia, kinafunguka, nakaa na heshima zangu. Siri zangu mie ni zipi? Nyonga? Kila mtu anaiona."

"Yule mwalimu ulimsikia."

"Nilimsikia. Sikulala vizuri." Alifikiri. "Lakini nyonga yangu nayo ni kitu cha kweli."

"Najua."

"Unajua, lakini unang'oa."

Perpetua aling'oa taa nyingine, akaitupa kwenye ndoo kwa nguvu kuliko zile za mwanzo.

Jumamosi saa tano asubuhi alifika Bwana Ngatunga, mkuu wa Kitengo cha Taswira cha Shirika, yule aliyeziandika zile barua za viti, kukagua. Alivaa kofia ya usalama mpya kabisa, lebo bado inaning'inia. Alizunguka behewa akisifia rangi, akasifia mota mpya bila kujua zilipo, kisha akatazama juu ya viti.

"Skrini ziko wapi?"

"Hazipo."

"Zinakuja lini?"

"Haziji."

Bwana Ngatunga alitabasamu kama mtu aliyesikia mzaha asioupenda. "Mhandisi, abiria lazima waone kwamba tunajali."

"Waone nini, bwana? Watakachoona ni ugonjwa wa jirani yao."

"Utafiti wetu unaonyesha asilimia themanini na tatu wanapenda kujua kwa nini fulani amekaa."

"Naamini. Hata mimi napenda kujua kwa nini wewe umekaa ofisi ile. Sijawekewa skrini."

Mzee Malogo alikohoa ndani ya shati lake. Bwana Ngatunga alivua kofia.

"Na viti vya staha? Mbona havifungi? Hiyo ndiyo fahari ya Mzingo! Wageni wanatoka nchi za mbali kuja kuviona!"

Perpetua alimweleza. Alieleza taratibu, bila kumtaja Sauda kwa jina, habari ya mtu aliyekuwa wa mwisho kujua hali yake mwenyewe katika behewa la watu mia mbili. Alieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mwenzake alipokea ujumbe kwenye utepe na kuanza kuujibu.

"Inasikitisha," alisema Bwana Ngatunga. "Lakini ni mtu mmoja."

"Ni mmoja aliyesimama getini kwangu. Nimeangalia kisanduku cha behewa moja tu kabla hakijafutwa. Namba zilizoanguka ghafla namna ile, kwa miaka tisa, ni mia nne na kumi na mbili. Sijui ni kina nani. Wengine labda walipona mguu tu. Wengine walikuwa wanafiwa wamesimama, na treni yangu ikawafungia kiti."

Bwana Ngatunga aliivaa tena kofia yake.

"Uzinduzi ni Jumatatu," alisema.

"Na cheti cha usalama kinahitaji saini yangu. Skrini zikiwekwa, sisaini. Tafuta mhandisi mwingine kesho Jumapili."

Walibishana mpaka saa saba. Perpetua alichoka mpaka akakaa chini, kwenye sakafu yenyewe, na kuendelea kubishana akiwa amekaa. Mwisho Bwana Ngatunga alikubali siku thelathini, seti moja tu, kwa majaribio. Seti nyingine zisubiri matokeo.

"Watu wakianza kupigania viti," alisema akiondoka, "jina litakalotajwa ni lako."

"Liandikwe vizuri basi. Ndahani, herufi saba."

*

Jumatatu asubuhi hotuba zilikuwa nne, utepe wa uzinduzi ukakatwa, kisha treni ikaachiwa watu wa kawaida. Perpetua alipanda Chamwino pamoja na Mzee Malogo, behewa la tatu. Kila aliyeingia, utepe wake ulimuuliza swali moja: unataka sakafu ikusome? Perpetua alibonyeza ndiyo. Mzee Malogo naye alibonyeza ndiyo, kwa kununa, kama mtu anayetia saini barua ya kusimamishwa kazi.

Viti vilijaa kabla milango haijafunga. Hakuna aliyepigana. Hakuna pia aliyemtazama mzee. Mwanamume mwenye koti la bluu alifumba macho mara tu alipomwona.

"Umeona?" alisema Mzee Malogo. "Huyo hata hajalala. Angalia kope zake zinavyochezacheza."

"Ngoja kidogo."

"Nangoja. Nimeshika chuma."

Mtumba, mlango wa pili, aliingia Sauda Salanga. Utepe ulimuuliza. Aliusoma, kisha akabonyeza hapana. Aliinua macho akamwona Perpetua.

"Siku nyingine, dada," alisema. "Leo nataka kusafiri tu."

"Karibu, mwalimu."

Alijisogeza karibu na dirisha, akasimama kama wengine.

Treni ilipita Ihumwa bila mtu kuinuka. Perpetua aliwatazama waliokaa, mmoja mmoja. Siku tano bila usingizi, bolti, barua, kofia yenye lebo, na hawa hapa, watu aliowatetea, wamefumba macho kama kuku waliopigwa na jua. Alikuwa ameshafungua mdomo awapigie kelele wote, utepe wa Mzee Malogo ulipotetemeka.

"Hebu nisomee. Miwani nimeiacha kwenye cherehani."

Alisoma. Aliushika mkono wa mzee, akasoma tena. *Mapigo ya moyo wako hayafuatani. Usisubiri. Muone daktari leo.*

Alimsogelea sikioni, akamnong'oneza.

"Nini? Sema vizuri, hizi mota zako nazo zina makelele."

"Mzee, ni jambo lako. Siwezi kulitangaza."

"Ni langu?"

"Ni lako peke yako."

"Basi niachie mkono." Mzee Malogo aliuleta utepe karibu na pua, akakaza macho, midomo ikifuata neno kwa neno mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika kidogo, ukawa wa mtu anayehesabu kitu. Kisha akageukia behewa na kupaza sauti, ile ile aliyokuwa akiitumia kuita mafundi ng'ambo ya karakana.

"Jamani! Sakafu inasema moyo wangu haufuatani! Na nyonga yangu ni mbovu, hilo nawaambia mwenyewe! Nani ananipisha?"

Watu wanne waliinuka kwa mpigo, wakagongana. Wa kwanza alikuwa mwenye koti la bluu, macho wazi kabisa. Sauda alimshika mzee kiwiko, Perpetua akamshika kingine, wakamkalisha. Mwanamke mmoja alimpa maji. Mwingine akaanza kumpepea kwa daftari, akimuuliza kama amekunywa chai asubuhi.

"Tunashuka Makole," alisema Perpetua. Sauti yake ilimtoka kwa ukali. "Kituo kijacho. Tunakwenda hospitali moja kwa moja, na usianze kubisha, mzee. Leo sina nguvu ya kubishana na mtu mwingine."

"Sibishi." Mzee Malogo aliegemeza mgongo, akapapasa mshono wa pembeni ya kiti kwa kidole gumba, akauona umenyooka. "Ila nimekipata sasa hivi. Niache nikae kidogo."

Alimwacha. Ilikuwa dakika nne tu. Perpetua alisimama juu yake, kiganja amekiweka begani pake, akihisi pumzi yake ikipanda na kushuka. Makole ilipofika alimwinua taratibu, na mzee akashuka akiwaaga watu wa behewa zima kwa mkono, kama mtu anayetoka harusini.